Kofia Tumenunua, Chepkong'o Je?

KUTOKA BURETI
Na Weldon arap Bett

Ukitaka kumchokoza mtu wa Kericho wa umri wangu, mwambie Jim Reeves hakujua kuimba. Hamtaelewana tena. Sisi tulilelewa na redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na ilipofika zamu ya kipindi cha Sundowner kwenye KBC, hata mzee aliyekuwa ameapa kutozungumza na jirani yake alivuta kigoda akaenda kusikiliza kwake. Hadi leo arusi zetu zina Dolly Parton na matanga yana Jim Reeves. Kenny Rogers alipofariki Machi 2020, nilipokea rambirambi kwa simu kutoka Litein, Sotik na Longisa, na wote walioniandikia walikuwa na akili timamu.

Kwa hiyo habari ziliponifikia kwamba kungekuwa na tamasha la kantri upande wa Bomet, tena nje, kwenye nyasi, sikuhitaji kushawishiwa. Nilikuwa sijawahi kuhudhuria kitu cha aina hiyo. Muziki huo nimeusikia maisha yangu yote ukitoka kwenye kisanduku, sijauona ukitoka kwa watu. Tena bango lililozungushwa kwenye WhatsApp lilikuwa na picha ya banjo na maandishi kwamba kutakuwa pia na blugrasi, ule muziki wa milimani wa banjo, fidla, mandolini, gitaa na besi kubwa ya kusimama, unaopigwa kwa kasi ya mtu anayekimbizwa na nyuki.

Nisiwafiche: palikuwa pazuri kufika. Uwanja ulikuwa wa shule, chai imeuzunguka pande tatu, na upande wa nne barabara yenye bodaboda wanaopunguza mwendo kuchungulia. Jukwaa lilikuwa mgongo wa lori. Langoni unalipa kwa M-Pesa, kijana anakugonga muhuri mkononi, na hatua mbili mbele unakutana na mama anayeuza kofia za kauboi zilizopangwa kwenye turubai kwa ukubwa, kuanzia ya mtoto hadi ya mtu mwenye kichwa changu. Kulikuwa na smoki, mahindi ya kuchoma, na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, iliyotiwa kwenye chupa ya plastiki ya soda. Dhambi hiyo ya chupa nitaizungumzia siku nyingine.

Vijana walicheza vizuri, na hilo nalisema bila kinyongo. Wale wa dansi ya mistari walikuwa wamefanya mazoezi ya kweli. Wanapiga hatua nne kushoto, wanageuka, buti linagonga, kidole gumba kiko kwenye mshipi, na hakuna aliyekosea. Ni hobi inayokua nchini. Julai 2025 uwanja wa mbio za farasi wa Ngong kule Nairobi ulijaa watu wa namna hii kusherehekea siku ya makauboi, na Sir Elvis, ambaye kwa kantri ya Kenya ndiye jina la kwanza, akawaimbia. Sioni ubaya wowote wa mwalimu wa hesabu kutoka Silibwet kuvaa buti lenye ncha siku ya Jumamosi. Anayedhani huo ni utumwa wa kifikra aanze kwanza kutuvua tai na suti tunazovaa kanisani.

Lililonisumbua ni jingine. Mwimbaji wa kwanza alipanda akiwa na maikrofoni tu, na fundi wa mitambo akachomeka flashi. Ngoma, gitaa, fidla, kila kitu kilitoka kwenye flashi. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuja na gitaa, akalipiga nyimbo mbili, kisha akaliweka chini kwa sababu spika zilikuwa zinapiga mluzi, naye akaomba flashi. Banjo ya kwenye bango haikuonekana mchana kutwa. Jenereta lilikuwa mita chache kutoka jukwaani, na mtu aliyesimama upande wetu alisikia nusu muziki, nusu dizeli.

Muziki niliukuta nyuma ya lori. Vijana wawili walikuwa wamekalia kreti za soda, mmoja na gitaa la boksi lenye ufa uliozibwa kwa gundi, mwingine akigonga kifuniko cha sufuria kwa funguo za pikipiki. Hawakuwa kwenye orodha ya waimbaji. Mwenye gitaa alikuwa anapiga ule mtindo wa Kipchamba arap Tapotuk, kidole gumba kinashika besi na cha shahada kinaukimbiza wimbo huko juu, na kila baada ya ubeti anautupa mkono pembeni kana kwamba ameungua. Watu kama kumi na watano walikuwa wamewazunguka. Hakuna aliyekuwa na kofia, kwa sababu wengi walikuwa wauza mahindi na madereva.

Nilipopata nafasi nikamuuliza yule wa gitaa kama anamjua Chemirocha.

"Anachezea timu gani, mzee?" akaniuliza kwa heshima zote.

Sikumlaumu. Basi acha nimweleze hapa, pamoja na wengine wote waliokuwa pale.

Mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika na kuifanya kazi ya kurekodi muziki wa Waafrika kuwa maisha yake, alifika na mitambo yake Kapkatet, hapa hapa Bureti. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi kwetu Wakipsigis kuna tatu zenye jina moja, Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume kwa chepkong'o, ala yetu ya nyuzi. Ya tatu, ambayo ndiyo imezunguka dunia, iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kizungu kutoka Meridian, Mississippi, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimeshafika huku. Wasichana wale, kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, walimfanya kiumbe nusu mtu nusu swala, wakawa wanamwita aje wacheze naye.

Chukua nafasi uwaze kidogo. Rodgers alikuwa mfanyakazi wa breki kwenye reli kabla ya kifua kikuu kumtoa kazini. Alirekodi kwa mara ya kwanza Agosti 1927 kule Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, na kufikia Mei 1933 alikuwa amekufa, umri miaka 35. Hakukanyaga Afrika. Lakini miaka 17 baada ya kuzikwa kwake, wasichana wa Kapkatet, watoto wa watu walioiona reli ikipita Lumbwa, Kipkelion ya leo, kuelekea ziwani mwaka 1901, walikuwa wanamwimba kwa lugha yao, kwa mahadhi yao, na kwa nyuzi za nyumbani. Hakuna kati yao aliyevaa kofia yake.

Kwa msomaji wa mbali: chepkong'o ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii, majirani zetu wa chini na wa pembeni. Ina bakuli lililowambwa ngozi, mikono miwili inayopanda, kijiti kinacholala juu yake, na nyuzi zinazotoka kwenye kijiti zikateremka hadi kwenye ngozi. Sauti yake si kubwa. Inataka watu wakae karibu, na inataka watu wanyamaze. Na hali ya hewa ya Kericho haiionei huruma: ngozi ikilala kwenye unyevu inalegea, sauti inakuwa ya kukoroma, hadi uiweke karibu na moto ikaze.

Mpiga banjo atakuelewa ukimwambia habari hiyo, kwa sababu banjo nayo kwa asili ni ngozi iliyowambwa juu ya kibuyu. Waafrika waliotekwa Afrika Magharibi ndio waliovuka na mbegu yake. Wajola wa Senegali na Gambia bado wana akonting, ala ya kibuyu, ngozi na fimbo ndefu, na mmoja wa nyuzi zake ni mfupi, unaopigwa kwa gumba, kama ulivyo uzi mfupi wa banjo. Katika karne ya 19 Wazungu wa Marekani waliichukua kwa watumwa, wakajipaka masizi usoni wakiwadhihaki wenyewe, na baada ya vizazi vichache wengi wakaamini ni ala ya Mzungu wa mlimani. Imebidi watu kama Rhiannon Giddens na wenzake wa Carolina Chocolate Drops waanze kuirudisha kwa wenyewe, na hiyo ni kazi ya kuanzia mwaka 2005 tu.

Blugrasi yenyewe haina uzee mnaodhani. Bill Monroe wa Rosine, Kentucky, aliyezaliwa 1911, ndiye anayeitwa baba yake, na kundi lake la Blue Grass Boys ndilo lililoupa muziki huo jina. Ujanani alipiga kwenye dansi za kijijini pamoja na Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla mweusi ambaye Monroe hakuchoka kumtaja. Oktoba 1939 alipoingia kwa mara ya kwanza kwenye Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha Nashville, wimbo aliopiga ulikuwa Mule Skinner Blues. Mwenye wimbo huo ni nani? Jimmie Rodgers. Chemirocha wetu.

Ila Monroe hakuuimba kama Rodgers. Aliukimbiza. Aliupandisha juu hadi sauti yake ikawa kali kama filimbi, akaweka mandolini mahali ambapo gitaa lilikuwa linatembea taratibu. Desemba 1945 akamleta Earl Scruggs na banjo yake ya vidole vitatu, na hapo muziki ukakamilika. Sasa weka mezani Monroe wa 1939 na Chemutoi Ketienya wa 1950. Wote wawili wamemsikia mtu mmoja. Wote wamemgeuza kiumbe kingine kwa ala na koo walizokuwa nazo. Mmoja amejengewa makumbusho, na sanamu, na tamasha za kila mwaka. Mwingine, kijana anayepiga gitaa umbali wa saa moja kutoka alikoimbia anauliza Chemirocha anachezea timu gani.

Nimetaja tamasha, na hapo ndipo ninapotaka kukaa. Tamasha la kwanza la blugrasi la siku kadhaa lilifanyika Septemba 1965 kwenye shamba la farasi huko Fincastle, Virginia, likiandaliwa na Carlton Haney. Shamba. Nyasi. Kwenye tamasha za namna hiyo kuna desturi mbili. Ya kwanza, baadhi ya bendi hupenda kuizunguka maikrofoni moja. Mwenye zamu anasogea mbele, anapiga, anarudi nyuma, mwenzake anaingia, hawagongani na hakuna anayesimamia maikrofoni kumi. Ya pili, wasikilizaji wanakuja na ala zao. Jukwaa likizimwa, kwenye maegesho na mahema watu wasiojuana wanakaa duara na kupiga hadi usiku wa manane, na mara nyingi ndicho walichokifuata. Aliye hodari anamwachia nafasi anayejifunza.

Hebu nambie, hicho si ndicho kilichokuwa nyuma ya lori? Na maikrofoni moja katikati ya watu waliokaa karibu, si ndiyo Kapkatet ya 1950? Tracey alizoea kuishika maikrofoni yake mkononi, akiisogeza kwa anayeimba. Tulichokiita tamasha kule mbele kilikuwa kinyume chake: spika zenye urefu wa mlango, flashi, na umati unaotazama juu. Tumeiga kofia na buti vizuri kabisa, kisha tukaacha kile kinachofanya tamasha la nyasi liwe tamasha la nyasi.

Najua kwa nini. Kwetu mkusanyiko wa nje umekuwa wa aina mbili, siasa na injili, na zote mbili zinapimwa kwa ukubwa wa spika. Anayekodisha mitambo hajui kazi nyingine. Mitambo ya mazishi ya mheshimiwa ndiyo ya krusedi, ndiyo ya kantri. Mwimbaji akifika na ala yenye sauti ndogo, fundi anamtazama kwa huruma na kumuuliza kama hana flashi.

Wapo watakaoniambia chepkong'o imekwisha, wazee wamekufa. Si kweli yote. Katika mwongo uliopita, maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes kule Afrika Kusini, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells kuzirudisha zile rekodi huku huku kwetu, na wakati huo huo wakarekodi wapigaji waliobaki. Nyimbo zipo, zimehifadhiwa, na nakala zimefika. Tena shule zetu huingia kila mwaka kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza 1927, na humo kuna nyimbo za kienyeji na ala zake. Watoto wanafundishwa. Tatizo ni kwamba wanafundishwa kwa ajili ya mwamuzi. Kikombe kikishaletwa, ala inafungiwa stoo pamoja na jezi za voliboli hadi mwaka unaofuata.

Na tusijidanganye kwamba wageni hawatakuja. Mwaka 2005 Béla Fleck, mpiga banjo aliyetoka kwenye blugrasi ya New Grass Revival, aliibeba ala yake akairudisha Afrika kutafuta ndugu zake. Alipita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Tanzania alikaa na Anania Ngoliga, mpiga ilimba kipofu ambaye ukimsikia huwezi kumsahau, na baadaye akamwalika Marekani pamoja na John Kitime wakapige kwa watu walionunua tiketi. Filamu ya safari hiyo, Throw Down Your Heart, ilitoka 2008. Kenya aliipita. Kapkatet, penye wimbo wa pekee uliomuunganisha mtu wa Mississippi na wasichana wa Bureti, hakuna aliyemwelekeza, kwa sababu hakukuwa na siku wala uwanja wa kumwelekeza.

Siku hiyo inawezekana. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziachia kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Kericho na Bomet zina maafisa wa utamaduni wanaolipwa mishahara. Tuna viwanja. Kericho Green iliyokarabatiwa kwa ajili ya Siku ya Mashujaa Oktoba 2023 ni kubwa mno kwa kazi hii, maana sauti ya uzi itapotea humo. Mimi ningetaka Kapkatet, kwenye nyasi, watu wakae chini. Kaunti mbili zikichangia hakuna atakayejiita mwenye mali, na mheshimiwa yeyote akitaka kuhutubia apewe dakika za wimbo mmoja, tena mfupi.

Wakati nao uchaguliwe na mtu anayeishi hapa. Lile tamasha la Bomet lilianza saa saba mchana, na kufika saa tisa mvua ya mawe ilitutuma chini ya lori, makauboi na wauza mahindi pamoja. Miaka ya 1960 makampuni ya chai yalikuwa yanarusha roketi angani kuipiga vita mvua hiyo hiyo ya mawe, na bado inakuja alasiri kama mtu mwenye miadi. Muziki wa nje huku ni wa asubuhi, Januari au Februari, chai na mursik ya kibuyu vikiwa tayari saa tatu.

Waalikwe pia wenye ala za kulinganisha: nyatiti kutoka ng'ambo ya Sondu, obokano kutoka Kisii, litungu ya Wabukusu, mpiga gitaa wa Kipchamba, na kama yupo mtu Kenya mwenye banjo halisi, aje nayo. Maikrofoni iwe moja. Flashi ziachwe langoni pamoja na pombe. Wale vijana wa dansi ya mistari nao waje, kwa sababu hatua zao zitakaa vizuri kwenye Chemirocha, na wasichana wa Kapkatet ya 1950 walimtaka mtu wa kucheza naye.

Kiingilio? Anayekuja na ala mkononi aingie bure, hata kama ni gitaa lenye ufa au kifuniko cha sufuria. Wengine shilingi mia moja. Mwenye kofia ya kauboi, mia mbili.